Aliyemwona Maalim Akicheka

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Ukanda wa cherehani umekatika tena. Nimeufunga kwa uzi wa viatu, ukanifikisha adhuhuri. Kanzu mbili zimetoka, ya tatu imebaki pindo. Mwenyewe mkorofi. Atangoja.

Alasiri nikaenda Chumbageni, darsani kwa Maalim Hemedi. Tulikuwa sita barazani kwake. Mlango mpya wa mantiki: mtu ni nini. Maalim alianza kama kawaida yake, taratibu, kidole kimoja juu. Mtu ni mnyama. Hatukupenda, tukakubali. Punda naye ni mnyama. Basi mtu na punda wanatengana wapi? Kwenye akili na kunena. Tena iko sifa nyingine ya mtu peke yake, haimtoki wala haimwingii kiumbe mwingine: kucheka. Kila mtu ni mwenye kucheka, na kila mwenye kucheka ni mtu. Sefu akauliza, na fisi? Maalim akasema fisi analia, ila sisi tunasikia vibaya.

Aliyasema haya yote bila kusogeza shavu. Miaka tisa nasoma kwake, sijayaona meno yake ila akila.

Ng'ambo ya njia Kombo anaezeka makuti nyumba ya jirani. Wiki ya pili hii yuko juu ya paa. Ni Msegeju wa Moa, na Maalim ni Mdigo. Wazee wao walipigana mpaka wakachoka, wakabaki watani. Kombo humtupia Maalim neno kila siku, Maalim hamjibu hata siku moja. Leo Kombo alikuwa kimya, anasikiliza. Kimya cha Kombo sikukipenda.

Jumanne, 7 Septemba

Nimefukuzwa darsani. Naandika tena nione kama ni kweli. Mimi Athumani, mwanafunzi wa miaka tisa, nimefukuzwa darsani.

Ilikuwa hivi. Maalim alirudia somo la jana, kisha akauliza: kiumbe akiwa na kila kitu cha mnyama lakini hana sifa ya kucheka, tumwite nani?  Jibu likatoka juu ya paa.

"Mwite mbuzi! Maalim, Iddi nzima nimezunguka natafuta mbuzi wa kuchinja, kumbe tunaye hapa hapa Chumbageni, tena anajua kusoma!"

Nikacheka. Nilicheka mpaka kofia ikaanguka na mate yakaruka juu ya kitabu. Wenzangu walijibana, wakainama. Mimi sikuweza. Na kilichonichekesha hasa si mbuzi. Ni kwamba maneno yote yalikuwa ya Maalim mwenyewe, hatua mbili tu, na mwisho wake mbuzi. Nilitafuta kosa liko wapi, sikuliona, ndipo nikazidi kucheka.

Maalim hakumtazama Kombo. Alinitazama mimi. Akafunga kitabu.

"Nenda zako Athumani. Usirudi mpaka nikwite."

Akaingia ndani akafunga mlango. Nimetembea mpaka kwangu Makorora bila kujua nimepita njia gani.

Jumatano, 8 Septemba

Sijalala vizuri. Mke wangu Tatu kaniuliza nilicheka nini. Nikamweleza. Akacheka yeye pia, akaacha kupepeta mchele akashika ukuta. Sikumsemesha mpaka jioni.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimekwenda kuomba radhi. Bi Mwanasha, mkewe Maalim, kanipokea mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nimekuja kumwangukia Maalim miguuni. Kaingia, katoka. Kasema Maalim anasema bado.

Bado nini? Sikuthubutu kuuliza. Nilimsikia akikohoa ndani. Kile kifua chake. Mwaka huu kikohozi hakimwachi.

Naogopa, na nasema wazi kwamba naogopa. Elimu niliyonayo yote imetoka kinywani mwake. Mwalimu akikasirika, elimu haina baraka. Akifa na hasira zake, hakuna tena mahali pa kwenda kuiomba radhi hiyo.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimesali Makorora. Msikiti wa Chumbageni sikwenda. Maalim husali safu ya mbele na watu wote wa darsa nyuma yake. Ningekaa wapi?

Jumamosi, 11 Septemba

Nimekwenda mara ya pili. Bado.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimepata wazo. Nitamshonea kanzu. Nimenunua bafta nzuri kuliko yote iliyokuwako dukani. Vipimo vyake ninavyo kichwani: mrefu, mabega membamba, mkono wa kulia umezidi wa kushoto upana wa vidole viwili. Hakuna fundi mwingine Tanga anayejua hilo. Shingoni nitatia tarizi ile ya kizamani anayoipenda, kwa mkono, si kwa mashine.

Jumatano, 15 Septemba

Kanzu imekwisha. Sijapata kushona kitu kizuri hivi, na simwombi mtu msamaha kwa kusema hivyo. Nimempelekea Bi Mwanasha. Maalim alikuwa amelala, homa kidogo. Kasema atampa akiamka.

Darsa limesimama mpaka apone. Hilo nimelisikia kwa Sefu.

Ijumaa, 17 Septemba

Sijaletewa neno lolote. Wala asante, wala kanzu yenyewe kurudishwa. Ningeletewa nikatupiwa usoni ningejua. Nimesali Makorora tena, nyuma kabisa, karibu na viatu.

Jumapili, 19 Septemba

Hasira zimenipeleka kwa Kombo. Nilitaka kumtukana. Nimefika, yuko juu, kasema hashuki kwa sababu ya mtu mmoja, kama nina neno nipande. Mimi na ngazi hatupatani. Nikapanda. Nimekaa juu ya fito nimeshika kamba kwa mikono miwili, na mtu aliyeshika kamba kwa mikono miwili hatukani vizuri.

Nikamwambia kaniharibia. Nikamwambia alimtusi mwanachuoni. Akaendelea kufunga makuti. Akasema hakutusi, ameuliza. Akasema: "Mimi nimeuliza. Wewe umecheka. Haya, nani kajibu?"

 Nikamwambia swali lenyewe lilikuwa mzaha. Akaniuliza mzaha uliotoka kwa nani. Kisha akanisomea mlango mzima, tangu mtu na punda mpaka fisi wa Sefu, na hakukosea neno. Kwa kusikiliza tu juu ya paa kaupata mlango wote. Mimi ningeulizwa pale ningesahau nusu. Mwezeka makuti kamuumbua fundi cherehani!

Kutoka pale juu unaiona njia yote, na baraza, na dirisha la chumba cha Maalim, lile la upande, limefunguliwa nusu ya juu. Niligeuza uso. Si adabu.

Nimerudi na kichwa kinanigonga. Maalim huanza na neno tunalolikubali wote, halafu hutushika mkono hatua kwa hatua mpaka mahali ambapo hatukutaka kufika. Kombo naye anafanya vile vile. Wote wawili wanakuuliza, kweli? una hakika? Kwa Maalim unafika jasho linakutoka, kwa Kombo unafika unacheka, nao wameanzia mlango mmoja. Sipendi kuliandika hili lakini nimeliona.

Jumanne, 21 Septemba

Mara ya tatu. Maalim mwenyewe kasema nami, kwa ndani, mlango umefungwa. Sauti yake imekuwa ndogo.

"Umekuja na nini?"

Nikasema, Maalim, nimekuja kuomba radhi.

 Kikohozi. 

"Rudi."

Nilisimama pale mpaka kuku wa jirani wakanizoea. Amenifukuza mara ya pili, kwa neno moja. Sikudhani angekuwa mgumu hivi kwa kicheko kimoja. Nimeumia, na nimekasirika pia.

Alhamisi, 23 Septemba, asubuhi

Maalim Hemedi amefariki alfajiri.

Sefu kaja kunigongea dukani. Nilikuwa na mkasi mkononi. Nimekata bega la kanzu ya mtu, limekwenda kombo, na sikujali.

Hakuniita.

Alhamisi, jioni

 Lazima niandike leo, kesho sitasadiki.

Tulimwosha, tukamkafini, jeneza likatolewa barazani baada ya adhuhuri. Njia imejaa watu tangu kwa Maalim mpaka kwenye pembe. Wanawake ndani. Watu wanne wakashika jeneza, wakaliinua. Hawajapiga hatua tatu, Kombo akasimama mbele yao.

Amevaa kanzu yangu. Ile. Bafta yangu, tarizi yangu shingoni. Imemzidi urefu, anaikanyaga. Kilemba cha Maalim kichwani, kitabu kikubwa kwapani.

 Nimekesha na sindano kwa ajili ya kanzu ile. Basi Maalim hakuitaka, nikawaza, hata mtani kapewa. Nikaona na doa la wino kwenye mkono wa kulia. Wameichafua pia.

Najua ada. Mdigo akifa watani zake wana haki yao, wanavaa nguo za marehemu, wanaigiza mwendo wake, wanazuia njia mpaka wapewe kitu. Lakini Maalim? Mtu aliyekataza kelele mazikoni maisha yake yote? Watu waligeuza nyuso. Mzee mmoja akamtolea ada yake upesi upesi apishe. Kombo hakuitazama.

Akakaa chini katikati ya njia. Akakohoa, kikohozi kile kile cha Maalim. Akafungua kitabu juu ya magoti. Akainua kidole.

"Kila mtu ni mwenye kucheka. Tupo pamoja?"

Akatuzungushia macho.

"Hemedi hakucheka. Nani kamwona? Hakuna. Basi Hemedi si mtu. Asiye mtu haoshwi, hasaliwi, hazikwi na waja wa Mungu. Mrudisheni ndani. Au nileteeni aliyemwona akicheka."

Jeneza liko mabegani mwa watu. Jua liko utosini. Nikawaona wazee, watu walioishi naye miaka arubaini, wanatazamana. Walikuwa wanatafuta, kweli kweli, kila mmoja anatafuta kichwani mwake siku moja tu. Hawana. Sijapata kuona kitu cha kutisha kama wazee wale wakitafuta.

Nikasema mimi. Sijui nani alinisukuma. Nikasema kwa sauti, kama darsani: Mtu ni mwenye kucheka kwa uwezo, si lazima kwa kitendo. Aliyelala hacheki, naye ni mtu.

Kombo akanigeukia na kidole chake.

"Aliyelala huamka, mwanangu. Huyu kalala miaka sitini?"

Mtu mmoja akacheka nyuma, bila kutaka, puani. Halafu mwingine. Kikapita njia nzima, kicheko kibaya cha watu waliokuwa wanalia, kofia mdomoni, machozi yale yale. Nami nilicheka. Mbele ya jeneza la mwalimu wangu nilicheka mara ya pili kwa kosa lile lile, na nilijichukia.

Ndipo sauti ya Bi Mwanasha ikatoka nyuma ya pazia. Mjane, mume hajatoka barazani, anasema mbele ya wanaume wote wa Chumbageni. 

"Mimi nimemwona."

Akasema: "Ile Jumanne aliyomfukuza Athumani. Aliingia chumbani akafunga mlango, akajitupa kitandani akashika mto akaubana mdomoni, msije mkamsikia nyie wa barazani. Nikadhani kifua. Kumbe anacheka! Kacheka mpaka kapaliwa, nikampiga mgongo. 'Mie mbuzi, Mwanasha! Mie mbuzi!' Na akasema, yule Athumani kafahamu somo kuliko wote, ndiye tu aliyeona lilipokwenda."

 Nilishika nguzo ya baraza.

Kombo hakuinuka. Akafunua ukurasa.

"Huyo shahidi mmoja. Nataka wa pili."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akamwita mshenzi. Kombo akafunga kitabu, akavua kilemba cha Maalim, akakiweka juu ya kitabu. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui tangu lini.

"Wa pili ni mie," akasema. "Nilikuwa juu ya paa. Nimemwona dirishani. Hajapata mtu kuniheshimu vile."

Akasimama, akakunja kanzu isimkwaze, akaingia chini ya jeneza, bega la kulia, mbele. Tukaenda.

Ijumaa, 24 Septemba

Alijua. Tangu siku ile ile Kombo alijua. Nimekaa naye juu ya paa nimeshika kamba, naye anajua, akanyamaza. Aliuliza jana swali ambalo jibu lake analo, akangoja lije kwa kinywa cha mwingine. Maalim alikuwa akitufanyia hivyo kila alasiri.

Kazi sikufanya leo.

Jumamosi, 25 Septemba

Matanga yameanuliwa. Bi Mwanasha kaniita, kasema nami kwa nyuma ya pazia. Nayaandika kama alivyoyasema.

Kanzu Maalim aliivaa. Ijumaa ile, tarehe kumi na saba, homa imempungua, akaivaa akaenda msikitini. Akageuka nyuma mara mbili kunitafuta. Aliporudi kamwambia mkewe mikono imekaa sawasawa, wote wawili, kisha akakaa nayo akaandika mpaka alasiri.

Doa la wino. Mkono wa kulia. Nililiona kwa macho yangu, mimi fundi, na sikujua linasema nini.

Nami nilikuwa Makorora, karibu na viatu.

Nikamwuliza, basi kwa nini alinifukuza tena Jumanne hii iliyopita? Kasema Maalim radhi alikwisha kunipa siku ile ile ya mbuzi, kabla hata hajatoka kitandani. Hakuwa akingoja radhi. Alikuwa akingoja jibu. Kila nilipokuja aliuliza kaja na nini, akaambiwa kaja kuomba msamaha, akasema bado. Alitaka mwanafunzi aliyecheka aje amtoe kwenye umbuzi. Alikuwa akimwambia mkewe: atalipata, yule atalipata.

 Halafu nimekasirika. Kwa nini hakusema? Siku kumi na nne nimekula wali kama mchanga! Nimemkasirikia maiti, Mungu anisamehe. Kisha nikalia, na Bi Mwanasha akalia kwake huko nyuma ya pazia, na kati yetu kikaja kicheko kidogo, sijui kilianza upande gani.

Kanzu na kilemba Kombo kapewa na Bi Mwanasha mwenyewe. Ni haki ya mtani.

Jumatano, 29 Septemba

Kanzu tatu. Ya bega lililokwenda kombo nimekata upya, bafta yangu mwenyewe.

Nalifikiri swali. Nakanyaga cherehani nalifikiri.

Jumamosi, 2 Oktoba

Kombo kaja dukani na ile kanzu. Inamkwaza, anataka ipunguzwe. Paa la Chumbageni amelimaliza jana.

Nimempima kasimama kando ya mlango. Nikiwa na pini mdomoni nikalipata. Nikazitoa pini.

Nikamwambia: Mbuzi hajizuii kucheka. Hana cha kuzuia. Maalim alijizuia miaka sitini, mpaka akahitaji mto. Mtu hawezi kukizuia kitu asichokuwa nacho. Basi kule kutocheka kwake ndiko kulikoonyesha kwamba anacho.

 Kombo alitafuta kosa, nilimwona akilitafuta, hatua kwa hatua. Hakulipata.

"Ungemwambia hivyo," akasema, "angecheka mlango wazi."

Nikampa kiti. Tatu akaleta chai, tukanywa.

Nimepunguza pindo shibiri moja. Kombo akauliza kama wino unatoka kwa ndimu. Nikamwambia unatoka. Hakuuliza tena. Ukanda mpya wa cherehani umefika, mashine inakwenda taratibu. Mkono wa kulia sikuugusa.